Kupiga mistari ya rangi iliyojificha kwenye bodi ya gari

Mistari ninayoizungumzia hapa si ile myeupe ya magari ya mashindano, inayoonekana toka ng'ambo ya barabara. Ni mistari ya rangi iliyo jirani kabisa na rangi ya gari lenyewe: kijivu iliyokolea juu ya kijivu, au nyeusi isiyong'aa juu ya nyeusi inayong'aa. Gari likiwa kivulini unaweza kulipita usiione. Jua la pembeni likilipiga, inajitokeza. Kupuliza rangi yenyewe ni kazi ya muda mfupi. Saa zinaliwa na kuchagua rangi na kubandika tepu, na huko ndiko nitakakokaa zaidi.

Nachukulia kwamba rangi ya gari ni nzima: haijababuka, hakuna kutu, na klia (ile vanishi angavu ya juu) haijaanza kuchubuka. Bodi yenye mabonde inyooshwe kwanza, kwa sababu mstari ulionyooka huyafichua hata yale ambayo hukujua yapo.

Hatua ya 1: Mstari upite wapi

Chukua tepu ya karatasi, bandika mstari wa majaribio, kisha rudi nyuma mita 5 uangalie. Usiamini unachokiona ukiwa umeinama juu ya boneti. Mstari wa ubavuni ukifuata mkunjo wa bodi hukaa vizuri. Ukiukata mkunjo kwa pembe ndogo, gari zima huonekana limepinda.

Kwa boneti, tafuta katikati kwa kupima kutoka kingo zote mbili. Nembo ya mbele isiwe kipimo chako, maana si lazima iwe katikati kabisa. Kuhusu upana, mimi hupendelea milimita 3 hadi 6 ubavuni.

Hatua ya 2: Kuchanganya rangi

Tafuta namba ya rangi ya gari. Mara nyingi iko kwenye kibati kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango au chini ya boneti. Nenda duka la rangi wakuchanganyie rangi hiyo, kisha pima gramu 100 kwenye kopo dogo na uanze kuongeza nyeupe au nyeusi kidogo kidogo kwa mizani. Kwa rangi nyingi gramu 3 hadi 5 zinatosha kuanzia. Gari jeupe linahitaji tahadhari zaidi, kwani gramu moja tu ya nyeusi inaonekana waziwazi. Andika kila unachoongeza.

Rangi za metaliki zina tabia yake. Ukizitia nyeupe ya kawaida, chembe zinazometa zinafunikwa na rangi inakuwa kama imetiwa maziwa. Ongeza metaliki ya fedha badala yake, au acha rangi ya gari ilivyo na upulize juu yake safu nyembamba yenye unga wa lulu (unga wa rangi unaometa kama lulu). Njia ya lulu ndiyo inayojificha kuliko zote.

Usihukumu rangi ikiwa ndani ya kopo. Chukua kipande cha bati, kipige rangi ya gari, bandika tepu, piga rangi ya mstari, kisha funika chote kwa klia. Bila klia rangi huonekana imefifia, na tofauti unayoiona si ile utakayoipata mwishoni. Kitazame kivulini, juani na jioni. Ukisita kati ya michanganyiko miwili, chukua ulio karibu zaidi na rangi ya gari. Kwenye bati dogo tofauti huonekana ndogo. Ikisambaa kwenye gari zima inaongezeka.

Hatua ya 3: Kusafisha na kupiga msasa

Osha kwa sabuni, kausha, kisha futa kwa dawa ya kuondoa mafuta na nta. Fanya hivyo *kabla* ya msasa, la sivyo unayasukuma mafuta ndani ya mikwaruzo, na baadaye rangi itatoboka vitundu vitundu.

Piga msasa wa maji namba 800 kwenye paneli nzima, si kwenye njia ya mstari tu, kwa sababu klia mpya itafunika paneli yote hadi kwenye maungio. Kwenye kingo na mikunjo tumia sponji ya kijivu ya kukwaruzia, kwa mkono mwepesi. Klia ya kiwandani ina unene wa mikroni 40 hadi 50 hivi, na kwenye kingo huisha upesi.

Hatua ya 4: Tepu

Tepu ya karatasi haifai kwa ukingo wa mstari. Rangi hupenya chini yake. Tumia tepu nyembamba ya plastiki ya milimita 3, ambayo inakubali kupinda.

Shika roli kwa mkono mmoja, vuta urefu wa kutosha, na uache kidole gumba cha mkono mwingine kiibandike polepole nyuma. Macho yatangulie kule unakoelekea, yasikae kwenye kidole. Usiivute ikatanuka: tepu iliyotanuka hujirudi taratibu, na kwenye mpindo utakuta imeinuka. Pita kwenye milango ikiwa imefungwa, halafu fungua, kata tepu penye uwazi na uikunje ndani ya ukingo. Wembe usiguse uso wa rangi kamwe. Mkato mdogo kwenye klia ya zamani ndiko kuchubuka kunakoanzia.

Ukiridhika, funika sehemu nyingine zote kwa karatasi, kisha kandamiza kingo za tepu kwa kadi ya plastiki.

Hatua ya 5: Kupuliza

Anza kwa mkono (yaani tabaka) mmoja mwembamba wa rangi *ileile ya gari*. Kama kuna upenyo chini ya tepu, utazibwa na rangi isiyoonekana. Ikikauka, piga rangi ya mstari mikono miwili, mitatu ikibidi. Bunduki ndogo yenye tundu la milimita 0.8 hadi 1.0 inatosha, kwa umbali wa sentimita 15 hivi. Subiri kila mkono upoteze mng'ao wa maji kabla ya kuongeza. Rangi nzito hujenga ukuta kwenye ukingo wa tepu, na ukuta huo utahangaika nao baadaye.

Toa tepu rangi ikiwa haishiki kidole lakini bado ni laini. Ikunje irudi juu yake yenyewe, vuta polepole kuelekea mbali na mstari.

Hatua ya 6: Klia

Klia yenye kigumishi hutoa isosianeti, kemikali inayoweza kusababisha pumu ya kudumu. Barakoa ya vumbi haisaidii chochote. Tumia barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba, glavu na ovaroli, au mpe kazi hii mwenye chumba cha rangi.

Piga mikono miwili, iache ikauke kabisa, kisha pitisha ukucha juu ya mstari. Ukikwama, sawazisha kwa msasa wa maji namba 800 wenye kibao, upige klia tena mikono miwili. Baada ya hapo ni msasa wa 2000, wa 3000, na polishi.

Kwa mstari usiong'aa utaratibu unageuka. Maliza kwanza klia inayong'aa na polishi yake, iache ikomae, futa mafuta, bandika tepu, kwaruza njia ya mstari pekee kwa sponji ya kijivu, kisha puliza humo klia isiyong'aa. Mstari huo usipigwe polishi wala nta maisha yake yote, kwani utaanza kumeta kwa mabaka.

Rangi iliyobaki ambayo haijatiwa thina ifunge kwenye chupa ya kioo, na ubandike karatasi yenye vipimo vya mchanganyiko. Mlango ukija kukwaruzwa, namba ya kiwandani haitakusaidia kwa mstari huo.