Jinsi ya kwenda Nairobi kuangalia mechi ya ugenini kutokea Dodoma bila kuuza simu

Wakuu, kila droo ya CAF, shirikisho la soka Afrika, ikitoka na timu zetu zikapangwa na jirani, kwenye magrupu ya matawi ya mashabiki ni kelele tu, "tunaenda, tunaenda, tukodi basi", halafu wiki ya mechi ikifika wanaondoka watu wanne, wengine wote wako kibanda umiza wanasema hela haikutosha. Mi siamini kama ni hela. Kinachowakwamisha wengi ni karatasi na muda, ukichelewa kwenye hivyo viwili ndo kila kitu kinakuwa bei ya dharura na hapo hata mwenye laki tano hazimtoshi.

Naongelea Nairobi kwa sababu kwa sisi wa Dodoma ndo ugenini unaofikika. Lami ni moja kwa moja, Kondoa, Babati, Arusha, Namanga mpakani, huzunguki popote. Mpaka Arusha ni kama kilomita 430, kutoka Arusha mpaka Nairobi kama 270. Singida Black Stars walivyoenda kucheza na Rayon Sports Kigali Septemba 2025 kuna watu walitaka kuunga kwa basi, sawa inawezekana, unapita Singida, Nzega, Kahama, unavukia Rusumo, ila hesabu kama kilomita elfu moja kwenda tu, hiyo sio wikendi tena hiyo ni likizo. Na zile za Cairo na Tunis tuwaachie viongozi na wenye pesa zao.

Tuanze na karatasi maana hapa ndo safari inapofia. Kama huna pasipoti, ya kawaida ni 150,000 na inakaa miaka 10, kwa hiyo mtu mwenye mpango wa kwenda zaidi ya mara moja aichukue tu aumie mara moja. Ambaye hana hiyo hela aende Uhamiaji akaulizie hati ya dharura ya kusafiria, ni 20,000 na kwa nchi za Afrika Mashariki inakuvusha. Kitambulisho cha NIDA peke yake usikitegemee, wanaovuka kwa vitambulisho ni Wakenya, Waganda na Wanyarwanda kwa makubaliano yao, sisi hatumo. Viza Kenya hulipi, sisi wa Jumuiya tunagongewa muhuri tu.

Halafu ile kadi ya njano, chanjo ya homa ya manjano. Watu wanaipuuza kwa sababu wanawaza kwenda, hawawazi kurudi, wakati Kenya ni nchi yenye homa ya manjano na ukitokea kule, upande wetu wana haki ya kukuuliza kadi. Chanjo inaanza kuhesabika siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo ukichoma Jumatano uondoke Ijumaa hiyo kadi haijaiva. Habari njema ni kwamba ukishachoma umemaliza maisha yako yote, ile habari ya kurudia kila miaka 10 WHO walishaifuta 2016, hata kama kadi yako ya zamani imeandikwa tarehe ya kuisha bado ni nzima. Kadi za kununua mtaani bila kuchomwa sindano achana nazo, unajitafutia kesi nchi ya watu.

Ratiba sasa. Usilipe chochote kisichorudishwa mpaka klabu itangaze uwanja, siku na saa, kwa sababu mechi inaweza kuwekwa Jumamosi ikahamia Jumapili na wewe ushakata nauli. Angalia na saa yenyewe, CAF mara nyingi wanaandika kwa GMT, ukiona 13:00 GMT ni saa kumi jioni ya kwetu na ya Nairobi pia, saa ni moja.

Mechi ikiwa Jumamosi jioni, mpango wangu ni huu: Ijumaa alfajiri uko stendi ya Nane Nane unapanda basi la Arusha, mchana unakula Babati, jioni uko Arusha unalala. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi unaondoka kwenda Namanga, saa sita saba hivi mchana uko Nairobi kama mpaka haujajaa. Kuna wanaojifanya wanaume, wanataka kuunga Ijumaa hiyohiyo mpaka Nairobi, wanafika usiku wa manane na begi mgongoni, hawajui wanalala wapi, wanaishia kulipa hoteli ya kwanza wanayoiona. Gesti ya Arusha ni nafuu kuliko huo ujasiri.

Nauli ya Dodoma Arusha kwa basi la kawaida weka elfu ishirini na kitu, la daraja la kati inasogea kwenye thelathini. Kutoka Arusha una njia mbili, shuttle inayokupeleka mpaka Nairobi kwa kiti kimoja, au kuunga vipande, coaster au Noah mpaka Namanga, unavuka kwa miguu, upande wa pili unapanda matatu. Vipande ni bei chee na mimi nashauri hiyo ukiwa mmoja au wawili, ila mkiwa na wazee au watoto chukueni shuttle, inawasubiri mpakani. Ingawa hata ya kusubiri isikupe kiburi cha kuzunguka kununua soda, dereva akishahesabu vichwa anaondoka.

Pale Namanga kituo ni cha pamoja tangu 2018, ukienda Kenya muhuri wa kutoka Tanzania na wa kuingia Kenya unapata kwenye jengo moja upande wao, dirisha hili ukimaliza unasogea linalofuata. Kabla hujafika kwenye jengo utakutana na vijana wamekaza macho kwenye begi lako, "bro unabadili? bro foleni ndefu nikupitishe?". Wa kukupitisha njia za panya mwambie asante na utembee, usipogonga muhuri wa kuingia utaulizwa siku ya kutoka na faini yake inazidi nauli yote. Wa kubadili hela ndo wa kuwaangalia kwa makini. Anakuhesabia haraka haraka na noti zimekunjwa katikati, noti moja inaonekana mbili, wewe umesikia idadi imetimia unaweka mfukoni. Zikunjue, hesabu mwenyewe mkononi mwako, na yeye bado hajashika za kwako. Na akikupa noti ya elfu moja ya Kenya ya muundo wa zamani mrudishie, hiyo ilikufa tangu 2019, hakuna duka litakaloipokea. Mi nashauri badili kiasi cha matatu na chakula tu, zilizobaki ziache kwenye simu, M-Pesa ya Voda inatuma moja kwa moja kwenda M-Pesa ya Safaricom kwa hiyo hata mwenye lodge unamlipa kwa simu. Angalia makato kabla ya kubonyeza.

Nairobi lala maeneo ya River Road na Accra Road, ni kelele, sio pazuri kihivyo, ila ndo magari ya kwetu yanakoishia na vyumba ni vya mfuko wetu. Piga simu siku mbili kabla. Simu usitembee nayo mkononi barabarani. Kula kibandani, chapati maharage au ugali sukuma, unashiba kwa hela ndogo.

Uwanja ukiwa Nyayo umepona, kutoka mjini unatembea kama nusu saa. Ukiwa Kasarani lazima upande matatu za Thika Road na hapo ondoka mapema sana, nauli inapanda kadiri mechi inavyokaribia na mkitoka uwanjani wote mnataka gari moja, kwa hiyo tenga nauli ya kurudi mfuko tofauti. Tiketi nunua kabla kupitia tawi au mtandaoni, usiende kubahatisha getini. Kwenye michuano ya CHAN ya Agosti 2025 baada ya vurugu za mageti Kasarani CAF iliwabana Wakenya wakabaki na tiketi za kielektroniki tu, ukifika na hela mkononi unabaki nje na jezi yako.

Jezi ivalie uwanjani, njiani weka kwenye begi. Wana Yanga mna bahati kidogo mkienda kwa Gor Mahia maana nao ni kijani, mnaweza kupita mtaani mnasalimiwa "K'Ogalo!", jina lao la utani, mpaka wagundue ile njano. Mnyama, yaani Simba na wekundu wake, hana pa kujificha.

Jumla mi naweka laki tatu. Nauli zote kwenda na kurudi laki na ishirini, kulala usiku tatu elfu themanini, chakula elfu hamsini, tiketi na matatu za mjini elfu ishirini, inabaki elfu thelathini ya dharura ambayo usiiguse mpaka uone bango la Babati wakati wa kurudi. Ukienda na basi la tawi inashuka, ila basi la tawi linaondoka likijaa, linasimama kila mtu anapotaka kuchimba dawa, na mkifungwa safari ya kurudi ni ndefu balaa. Mkishinda ndo haina mfano.

Usiku tatu kwa sababu Jumapili ukitoka Nairobi alfajiri unafika Arusha mchana na mabasi ya Dodoma mengi yalishaondoka asubuhi. Ukipata la jioni sawa, umeokoa gesti, usipopata unalala na kuondoka Jumatatu. Kwa hiyo ruhusa ya Jumatatu omba mapema, na usimwambie bosi ni msiba, wakati picha yako ukiwa na bendera Nyayo iko status tangu Jumamosi.