Corolla ya Zamani Inayokosa Silensa na Kuzima: Ikague kwa Mpangilio Huu

Gari likikosa silensa (injini kuunguruma kwa utulivu bila kukanyaga pedeli ya mafuta), mafundi wengi hukimbilia bisibisi. Wanafungua skrubu ya hewa kwenye throto (mlango wa hewa ya injini), injini inapanda, mteja analipa na kuondoka. Muda si mrefu mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) unaanza kupanda na kushuka wenyewe. Hewa ikizidi wakati throto imefungwa, mizunguko hupanda mno, kontroli boksi (kompyuta ya injini) inakata mafuta. Ikishuka inayarudisha, na mchezo unaanza upya. Skrubu hiyo iache kwanza.

Nitatumia Corolla ya miaka ya 1990 yenye injini ya 5A-FE na distributa (kifaa kinachogawa moto kwa kila plagi), maana bado ziko nyingi barabarani.

Hatua ya 1: Jua inazima lini

Ikizima asubuhi tu ikiwa baridi, shuku sensa ya joto la maji. Ikizima ukiwasha AC au ukikata usukani gari limesimama, shuku vali ya silensa: mzigo umeongezeka, hewa ya nyongeza haipiti. Ikizima kwenye foleni ikishapata moto, kisha ikagoma kuwaka hadi ipoe, anza na koili (inayotengeneza moto wa plagi) na ignaita (inayoiamrisha koili).

Hatua ya 2: Soma kodi

Kodi ni namba za hitilafu zilizohifadhiwa na kontroli boksi. Huhitaji mashine kuzisoma. Ndani ya boneti kuna kiboksi kilichoandikwa DIAGNOSIS. Unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya (soma herufi kwenye kifuniko, maana ukikosea tundu unaweza kuunguza kitu), kisha weka swichi ON bila kuwasha injini. Taa ya injini ikipepesa mfululizo kwa mwendo uleule, hakuna kodi. Ikipepesa mara 3, ikatulia kidogo, ikapepesa mara 1, hiyo ni 31, sensa ya vakyumu. 22 ni joto la maji, 41 ni sensa ya throto. Ukiona 51, zima AC na uondoe mguu kwenye pedeli kabla ya kuhangaika.

Sensa ya joto ipime kwa mita: injini ikiwa baridi, kwenye nyuzi 20 hivi, itoe kilo-omu 2 hadi 3, ikifika nyuzi 80, kilo-omu 0.2 hadi 0.4.

Hatua ya 3: Tafuta silinda inayomisi (isiyochoma mafuta vizuri)

Injini ikiunguruma, chomoa soketi ya nozo (kifaa kinachopulizia mafuta kwenye kila silinda) moja moja na uirudishe. Ukichomoa ya silinda isiyo na tatizo, injini inayumba. Ile isiyobadilisha chochote ndiyo mgonjwa wako. Wapo wanaochomoa waya za plagi badala yake. Mimi siwashauri, unapigwa shoti na koili inaumia.

Sasa hamisha plagi ya silinda hiyo kwenye silinda ya jirani. Tatizo likihama nayo, ni plagi. Likibaki, badilishana waya, kisha nozo. Ukikuta mafuta ya injini ndani ya shimo la plagi, sili za kava ya vali zimechoka. Plagi mpya haitakusaidia kama oili bado inaingia. Usiku fungua boneti gizani: waya zilizopasuka utaziona zikitoa cheche pembeni.

Hatua ya 4: Hewa ya wizi

Injini hii inapima hewa kwa sensa ya vakyumu, kwa hiyo ule mpira mwembamba unaoenda kwenye sensa ndio wa kwanza kukagua. Ukipasuka au kuchomoka, kontroli boksi inadhani injini ina mzigo mzito, inamwaga mafuta: moshi mweusi, harufu ya petroli, kuzima. Kagua pia mpira wa busta ya breki, na umwagie maji kidogo kwenye kiungo cha manifoldi. Mlio ukibadilika, gasketi inavuta hewa.

Hatua ya 5: Throto na vali ya silensa

Fungua throto uitoe kabisa, usipulizie juu juu. Safisha kaboni kwa dawa ya kabureta na mswaki laini, weka gasketi mpya, kisha jaza kulanti (maji ya kupozea injini) na kutoa hewa kwenye rejeta, kwa sababu kulanti hupita kwenye throto.

Taiming (wakati wa plagi kutoa cheche) iache mwisho: nyuzi 10 kabla ya TDC (pistoni ikiwa juu kabisa), TE1 na E1 zikiwa zimeunganishwa. Kama silinda bado inamisi, pima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda).

Ukimaliza, chomoa fyuzi ya EFI kwa nusu dakika ili kodi zifutike, endesha gari, kisha soma tena. Kodi ileile ikirudi, fuata waya na soketi yake kabla hujanunua sensa.