Hatua ngapi? Hesabu miguu kama refa

Kaa pembeni ya kiwanja cha saruji cha mpira wa kikapu Mtwara mjini utasikia "Ametembea huyo!" kila dakika, yaani amezidisha hatua na mpira mkononi, na filimbi kimya. Mashabiki wanafuata mpira. Refa anatazama miguu.

Jiulize kwanza: ameudhibiti mpira lini? Kwa kanuni za FIBA, shirikisho la mpira wa kikapu duniani, anayeupokea akiwa kwenye mwendo, au anayemaliza kuudunda, ana hatua mbili. Mguu uliokuwa tayari chini alipoudaka hauhesabiwi. Hesabu inaanzia mguu unaofuata kugusa chini. Hapa ndipo wengi huhesabu tatu na kumtukana refa bure.

Aliyeupokea akiwa amesimama ni habari nyingine. Akitaka kuanza kudunda, mpira utoke mkononi kabla hajanyanyua mguu wa mhimili, yaani ule unaobaki chini anapogeuka. Akitaka kutoa pasi au kurusha kikapuni, anaweza kuunyanyua, ila akiruka, mpira uwe umetoka kabla mguu wowote haujarudi chini.

Viwanja vya wazi huku pwani hupata mchanga, na watu huteleza. Kuanguka na kuserereka na mpira mkononi si kosa. Kujiviringisha nao, au kuinuka nao, ndilo kosa.

Ukiliona, puliza filimbi mara moja kwa nguvu, inua kiganja wazi kusimamisha saa, zungusha ngumi mbele ya kifua, kisha onyesha upande. Wapinzani wataurusha kutoka nje, karibu na palipotokea kosa. Kama hukuiona miguu, usipulize.