SOMO: Mgeni kupiga kura ya madiwani Luxembourg

Kila wiki naulizwa hili hili inboksi, naandika mara moja basi. Uchaguzi ni kila miaka 6, uliopita 11 Juni 2023, ujao 2029.

1. Jiandikishe. Manispaa yako au MyGuichet, tovuti ya huduma za serikali, mwisho siku 55 kabla ya kura. Sharti la kukaa miaka 5 lilifutwa 2022, uraia wowote unaruhusiwa.

2. Ukishaingia daftarini kura ni LAZIMA, hadi upite miaka 75.

3. Jumapili, saa 2 asubuhi mpaka saa 8 mchana. Beba kitambulisho.

4. Karatasi. Hapa tulieni. Idadi ya kura zako ni sawa na viti vya baraza, mji wa Esch 19, jiji la Luxembourg 27. Kila chama kina orodha na duara juu yake, ukijaza duara umempa kila mgombea wa orodha ile kura moja, na orodha ikiwa kamili (wagombea sawa na viti) umemaliza zote. Mimi 2023 nilijaza duara, halafu kuna mama mmoja mgombea nakubali sana kazi yake mtaani kwetu nikaona nimuongezee alama, nikatoka na furaha zangu, jioni jamaa ananieleza kura zilizidi, karatasi nzima imeharibika. Iliniuma mpaka leo. Kwa hiyo kama orodha ni kamili, AU duara, AU gawa alama mwenyewe, hata kwa vyama tofauti, mtu mmoja mwisho 2. Usizidishe, usiandike kitu kingine chochote. Ukikosea mle ndani mrudishie msimamizi akupe nyingine, mimi sikujua.

MASWALI

Chumvi: Nikienda siku yenyewe na pasipoti tu si napiga?
— Hatua ya 1. Soma.

Chumvi: Nauliza tu kaka, mbona ukali
— Sio ukali mdogo wangu, 2023 nimeona watu wamefika mlangoni wakarudi nyumbani. Siku 55.

Mama Salma: Meya yuko karatasi ipi?
— Swali zuri dada. Hana karatasi yake. Ni kama kwetu Tanzania, unachagua madiwani, meya anatoka humo humo. Chama kisipopata wingi peke yake kinaungana na kingine, wanakubaliana nani awe meya, ndipo anateuliwa rasmi. Ndio maana zile alama 2 zina uzito, zinampandisha mtu ndani ya orodha yake. Na mgeni anaweza kugombea, hata umeya.

Mama Salma: Na ubunge je?
— Hapana, mpaka uraia. 2015 raia waliulizwa hilo kwenye kura ya maoni, karibu asilimia 78 wakakataa. Ndio maana hii ya manispaa naishikilia, karibu nusu ya wakazi wa nchi hii ni wageni kama sisi.

Babu Kijito: Mie nipo kijijini, hakuna orodha za vyama
— Shikamoo mzee. Ndiyo, chini ya wakazi 3,000 unachagua mtu mmoja mmoja, alama 1 kila mtu, hakuna 2.

Chumvi: Siku hiyo nitakuwa safarini
— Omba kura ya posta mapema. Ila ukiwepo nenda mwenyewe, basi na treni ni bure nchi nzima tangu 2020.