Kumfundisha Mwanafunzi wa Usingizi kwa Miwani ya Uhalisia Pepe: Zoezi la Mpira wa Kupumulia Uliokataa Kuingia

Kila mwalimu wa fani ya usingizi, yaani ya kumlaza mgonjwa kwa dawa ili afanyiwe upasuaji, anaifahamu hali hii: mama mjamzito ameletwa kwa upasuaji wa dharura, dawa imekwisha kuingia mshipani, misuli imelegea, mwanafunzi ameshika laringoskopu, kifaa cha kuangalizia ndani ya koo, na nyuzi za sauti, ambako mpira wa kupumulia unapaswa kupita, hazionekani. Hutokea mara chache, na inapotokea mwalimu hulazimika kuchukua kifaa mwenyewe, kwa hiyo mwanafunzi anaweza kuhitimu bila kuwahi kuiongoza hata mara moja. Pengo hilo ndilo linaloweza kuzibwa kwa mazoezi ya uhalisia pepe, yaani mazingira ya kompyuta yanayoonekana kupitia miwani maalumu, na hapa nitaeleza namna ya kuliandaa na kuliendesha zoezi moja la aina hiyo.

Kabla ya kununua chochote, amua miwani itafundisha nini. Vishikio vya mkononi vinavyotumika na miwani hutetema tu. Havimpi mwanafunzi uzito wa taya wala ule mguso mdogo unaosikika vidoleni sindano ya ganzi inapopenya utando wa uti wa mgongo. Kwa sababu hiyo mkono ufundishwe kwenye mdoli, na miwani iachiwe mpangilio wa hatua, kusoma monita, kufanya uamuzi na kuwaelekeza wenzake. Mimi simvalishi mwanafunzi miwani mpaka awe ameweza kuingiza mpira kwenye mdoli na kumpulizia hewa kwa ambu, ule mfuko unaobinywa kwa mkono, bila kuelekezwa, kwa kuwa asiyejua kushika kifaa ataishia kuhangaika na vitufe na hatalifikia somo lenyewe.

Andika lengo moja kwa sentensi moja. Kwa zoezi hili ninaandika hivi: mwanafunzi atatamka kwa sauti kwamba mpira umeshindikana, na ataanza hatua inayofuata kabla ya jaribio la tatu. Kigezo hicho nimekichukua katika mwongozo uliotolewa Uingereza mwaka 2015 na vyama vya wataalamu wa usingizi wa uzazi na wa njia ngumu ya hewa, unaoruhusu majaribio 2 tu kwa mama mjamzito, na la 3 liwe la mwenzake mwenye uzoefu peke yake. Baada ya hapo kinachotakiwa ni oksijeni, ama kwa barakoa ya uso, ama kwa kifaa kinachokaa juu ya zoloto, yaani kisanduku cha sauti. Na hayo yote yakishindikana, njia ya hewa ifunguliwe kwa kisu mbele ya shingo. Mama huyu hana muda wa kusubiri, kwa sababu mimba hupunguza akiba ya hewa mapafuni huku mwili ukitumia oksijeni nyingi zaidi, na kiwango cha oksijeni kwenye damu yake hushuka haraka kuliko cha mgonjwa wa kawaida.

Unapochagua programu, angalia kama chumba cha upasuaji kinachoonyeshwa kinafanana na kile ambacho mwanafunzi atafanyia kazi. Programu nyingi zinaonyesha mashine za kisasa na laringoskopu yenye kamera. Mwanafunzi atakayepangiwa hospitali ya wilaya yenye kifaa cha kuzalisha oksijeni na umeme unaokatika anahitaji programu inayomruhusu mwalimu kuviondoa vifaa hivyo. Kapnografu, yaani kipimo cha kaboni dioksidi inayotoka mapafuni, usikiondoe, kwa kuwa ndicho kinachothibitisha kwamba mpira umeingia kwenye koromeo la hewa na haukuingia kwenye umio, na ni vema mwanafunzi akizoee na kukidai.

Maandalizi ya chumba hayana mengi. Tenga eneo wazi la mita 2 kwa 2, pakua programu mapema mahali penye intaneti nzuri, na chaji miwani usiku, maana nyingi zinazojitegemea hazidumu sana zaidi ya saa 2. Rekebisha umbali kati ya lenzi kulingana na macho ya kila mwanafunzi, na legeza mikanda kwa waliosuka nywele au waliovaa hijabu. Lenzi zifutwe kwa kitambaa laini kikavu, kamwe si kwa spiriti. Mwenye historia ya kifafa asivae. Anayeanza kutoka jasho au kusikia kichefuchefu avue mara moja na kukaa, na kwa siku ya kwanza dakika 10 hadi 15 zinatosha.

Kabla ya kuanza, waambie wanafunzi wazi kwamba zoezi ni la kujifunza na halitolewi alama. Kisha peleka picha ya miwani kwenye skrini kubwa ili wengine waone anachokiona mwenzao, na mpe mmoja wao nafasi ya muuguzi msaidizi anayejibu kwa sauti. Mwanafunzi aanze kwa kumpa mgonjwa oksijeni kwa dakika 3 kamili, hata kama inachosha. Ukimruhusu kuruka hatua hiyo kwenye miwani, atairuka pia kwenye chumba cha upasuaji.

Mara oksijeni inapoanza kushuka, acha kuzungumza. Sauti ya oksimita, kipimo cha oksijeni kwenye damu, huzama kidogo kidogo kila kiwango kinaposhuka, na hapo ndipo utakapomjua mwanafunzi wako. Nimemwona mmoja akiinama zaidi na zaidi kwenye laringoskopu, yeye mwenyewe ameziba pumzi, ilhali msaidizi wake alikuwa amekwisha kumwambia mara mbili kwamba oksijeni imefika asilimia 80. Hakumsikia. Usimkatize, andika tu saa na dakika ya kila tukio.

Mazungumzo ya baada ya zoezi ndiyo somo lenyewe, na yapewe muda mara mbili ya zoezi. Mwache kwanza aseme alivyojisikia, halafu aeleze alichokuwa anakiona. Swali lililomfungua mwanafunzi yule lilikuwa fupi: "Sauti ya mashine ulianza kuisikia lini?" Alinyamaza, akajibu kwamba hakuisikia kabisa, na darasa zima likaelewa bila mahubiri yangu namna hofu inavyofunga masikio. Ukianza kwa kumhesabia makosa, atajitetea, na wenzake watajifunza kuficha.

Arudie zoezi siku hiyo hiyo, safari hii akiwa msaidizi, kisha tena baada ya wiki chache. Kufaulu kwenye miwani kusichukuliwe kama kibali cha kufanya kazi bila msimamizi. Siku ya kwanza chumbani, mtake aseme mbele ya timu atafanya nini mpira ukishindikana na nani ataitwa, na dawa isiingie mshipani kabla hajamaliza kusema.