Kutunza mashine ya kutafutia metali ufukweni Malindi wakati wa masika

Sahani ya chini kwa kawaida haiogopi maji. Kinachoogopa ni kisanduku chenye skrini na betri. Kivike kifuko kisichopitisha maji, mdomo ukielekea chini. Waya uache ulegee kidogo chini ya plagi, matone yadondokee hapo yasifike kwenye pini.

Ukirudi, suuza sahani na fimbo kwa maji matamu siku hiyo hiyo. Chumvi iliyokauka huvuta unyevu wa hewani, na pini za shaba huota kutu ya kijani. Fimbo ichomoe vipande vyote: mchanga wa ndani ndio unaoikwamisha. Toa betri, acha kifuniko wazi kivulini hadi kesho yake. Oringi, yaani pete ya mpira inayozuia maji kwenye kifuniko, ifute kabla ya kuipaka grisi ya silikoni, kidogo tu. Chembe moja ya mchanga yatosha kupitisha maji.