Ua wa nyasi dhidi ya mmomonyoko: pima usawa kabla ya kupanda

Mmomonyoko huanza na tone la mvua. Likipiga udongo mtupu huutawanya, chembe laini huziba vitundu vya juu, maji hukosa pa kupenya na kuanza kutiririka. Dalili za mapema ni ndogo: changarawe zimekaa juu ya vinundu vya udongo kama kofia, mizizi ya mazao iko nje, tope laini limerundikana chini ya shamba. Ukiziona, anza kazi msimu huohuo.

Wengi hukadiria kwa macho mstari wa kupanda ua, yaani safu ya nyasi ya kuzuia maji, na kwenye mteremko macho hudanganya. Tengeneza fremu yenye umbo la herufi A: miti miwili iliyonyooka ya mita 2, mti mfupi wa kuishika katikati, na uzi wenye jiwe ukining'inia kutoka kileleni. Simamisha miguu ya fremu juu ya vigingi viwili, tia alama uzi unapokata mti wa katikati. Geuza fremu ili miguu ibadilishane vigingi, tia alama ya pili. Nusu ya umbali kati ya alama hizo ndiyo usawa. Sasa vuka shamba, ukipigilia kigingi kila mguu unapotua na uzi kutulia kwenye usawa. Usipime wakati wa upepo, kwa kuwa kosa dogo la kila hatua hujumlika. Mstari utapinda, lainisha kona kali tu, usiulazimishe kunyooka. Mstari ukiinama upande mmoja, utakuwa umechimbia maji njia.

Kati ya mstari na mstari acha mita 1 hadi 2 za kimo, yaani tofauti ya juu na chini, si urefu wa mteremko.

Nyasi ninayoiamini zaidi kwa ua ni vetiva, kwa sababu mizizi yake hushuka wima badala ya kutambaa chini ya mazao. Chagua aina isiyoota kwa mbegu. Gawa kichaka upate vipandikizi vyenye machipukizi 2 au 3, kata majani yabaki sentimita 20 na mizizi sentimita 10, chovya mizizi kwenye tope isikauke. Panda mvua zikiwa zimeshalowesha ardhi, sentimita 10 hadi 15 kati ya mche na mche. Palilia vizuri msimu wa kwanza, na usiipande kivulini, huko hudhoofika. Mabingobingo nayo hufaa penye mifugo, lakini hunyang'anya mazao maji na rutuba, hivyo yakate mara kwa mara.

Ua mwingi huharibiwa na pengo. Mche mmoja ukifa, maji yaliyokuwa yametandaa nyuma ya ua hukimbilia hapo, na nguvu yao ikikusanyika huchimba kuliko kama ua usingekuwepo. Kagua baada ya kila mvua kubwa, jaza mapengo mara moja. Nyasi zikishika, zikate kwa kimo cha sentimita 30 hadi 50 zichipue kwa wingi chini, kisha tumia majani kama matandazo kati ya mistari. Matandazo ndiyo yanayolipokea lile tone la kwanza.

Korongo halizibwi kwa nyasi peke yake. Kwanza chimba mtaro juu ya kichwa chake, yaani ncha yake ya juu linakoanzia, uyapeleke maji taratibu mahali penye majani mengi. Ndipo ujenge vizuizi vya mawe ndani yake, visizidi mita 1 kwa kimo. Ingiza mawe sentimita 50 ndani ya kingo zote mbili, la sivyo maji yatazunguka pembeni na kupanua korongo. Katikati pawe chini kuliko pembeni, na sakafu ya kuangukia maji itandikwe mawe. Mdomo wa kizuizi cha chini, yaani hapo katikati maji yanapopitia, uwe na usawa mmoja na kitako cha kile cha juu. Udongo ukishajaa nyuma ya kila kizuizi, panda vetiva juu yake.